Gereji ya Wasomaji: Pete za geji kwenye dashibodi ya Mazda MX-5

SWALI: Nina Eunos Roadster (jina la MX-5 huko Japani) ya 1992, usukani kulia. Nimeagiza pete tano za alumini za kuzungushia geji. Fundi ananiambia zinabandikwa tu juu ya kioo, hakuna haja ya kufungua dashibodi. Nimwamini? – Msomaji, Tanga

JIBU: Zitabandikika, ila hutazipenda. Kwenye Roadster ya kizazi cha kwanza (1989 hadi 1997) kioo ni kimoja kwa geji zote, kimeinama, na kina nafasi kati yake na nyuso za geji. Pete ikikaa juu yake, ukiegemea kiti inaonekana imehama na kufunika baadhi ya namba. Mahali pake ni ndani, kwenye ukingo wa matundu ya ile barakoa nyeusi iliyo nyuma ya kioo. Kwa hiyo kifurushi cha geji lazima kitoke.

Kabla ya kugusa skrubu, hakikisha pete zimekuja sawa: mbili kubwa za spidomita na RPM (mizunguko ya injini kwa dakika), tatu ndogo za mafuta, temperecha na presha ya oili. Kuna seti zilizokatwa kwa ajili ya kizazi kingine cha gari hilohilo, na tofauti ya milimita moja inatosha kuharibu kazi. Subiri barakoa iwe mezani, pima matundu kwa kalipa (kipimio cha milimita), kisha weka pete zote tano bila gundi. Inayobana usiilazimishe, pitisha msasa laini ukingoni hadi ikae yenyewe.

Anza kwenye buti, ndiko betri ilipo, na utoe waya wa hasi. Kama usukani una airbag, subiri dakika chache na usichokonoe soketi zake. Toa vifuniko vya nguzo ya usukani. Ukiona nafasi ni finyu, legeza bolti zinazoshika nguzo chini ya dashibodi ili ishuke kidogo. Kisha kofia ya geji, ile plastiki inayozifunika kwa juu: skrubu zake zimejificha chini ya ukingo, zitafute kwa tochi. Zikishatoka, kofia bado imeshikwa na klipu. Hapa ndipo wengi wanapovunja kitu. Plastiki ya umri huu imekauka, na gari lililopoa alfajiri linavunjika klipu kirahisi kuliko lililokaa juani saa moja. Vuta kwa mikono miwili, sawasawa pande zote, ukielekea kwako.

Kifurushi chenyewe kimefungwa kwa skrubu nne za nyota. Usikivute moja kwa moja: nyuma kuna kebo ya spidomita, ya chuma, inayozunguka. Kivute kidogo tu, ingiza mkono nyuma, bonyeza ulimi wa plastiki wa kebo, ndipo uchomoe soketi za nyaya. Anayevuta kwa hasira huvunja ule ulimi, na baada ya hapo spidomita inaruka-ruka au inalala kabisa.

Mezani, tandika taulo. Achia klipu za pembezoni, ondoa kioo na barakoa, ukiangalia kijiti cha kurudisha tripu sifuri kisikwame. Mishale usiiguse. Pete hazihitaji mishale itolewe; hiyo ni kazi ya anayebadilisha nyuso za geji. Mshale uliosogezwa kwa kidole unaweza kuanza kusema uongo, na wa temperecha ukisema uongo, injini ndiyo inayolipa.

Safisha ukingo wa barakoa kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi. Weka matone ya silikoni isiyo na asidi, kila moja kama punje ya mchele: manne kwa pete ndogo, sita kwa kubwa. Bonyeza, futa iliyochuruzika, acha kwa saa 24 kabla ya kurudisha kioo. Kabla ya kufunga, tazama kutoka ubavuni kama pete haikaribii njia ya mshale, na puliza vumbi kwa pampu ya mpira. Ukipuliza kwa mdomo unaacha mate kwenye uso wa geji.

Na kwa kuwa umeshafika huko, badilisha balbu za mwanga. Nenda dukani na ile ya zamani mkononi.

SWALI: Nilibandika pete kwenye matundu ya hewa ya gari hilohilo kwa tepu ya pande mbili. Zilidumu wiki mbili tu, zikaanza kuning’inia. Tepu ni feki? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Huenda, ila mshukiwa wetu wa kwanza ni polishi ya dashibodi. Nyingi zina silikoni, na juu ya silikoni hakuna tepu inayoshika. Kufuta kwa kitambaa kikavu hakusaidii. Osha kwa maji na sabuni, kausha, kisha spiriti mara mbili, kila mara upande safi wa kitambaa. Toa mabaki yote ya tepu ya zamani kwenye pete pia.

Tumia tepu ya akriliki yenye povu, kama 3M VHB. Ile ya povu jeupe ya kubandikia picha ukutani hulainika kwenye joto la dashibodi iliyoegeshwa juani. Bandika kivulini, kandamiza kila sehemu, na usiegeshe juani siku ya kwanza. Gundi ya aina hiyo huongeza nguvu taratibu, na hukamilika baada ya kama saa 72.

SWALI: Nilitumia supagluu kwenye pete za geji. Kesho yake kioo kilikuwa na ukungu mweupe kwa ndani. Unatoka? – Msomaji, Arusha

JIBU: Ni mvuke wa gundi uliotua kwenye plastiki kwa sababu ulifunga kioo mapema. Ukiwa mwepesi, hutoka kwa polishi ya plastiki na pamba, kwa kusugua polepole. Usithubutu thina, petroli wala asetoni: kioo hicho ni plastiki, na kitapasuka nyufa ndogondogo zisizofutika. Ulioganda sana, tafuta kioo kingine cha mtumba.

SWALI: Krome ya kung’aa au alumini ya kukwaruzwa? – Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Ya kukwaruzwa. Paa likiwa limefunguliwa, jua la saa nane linapiga moja kwa moja kwenye geji, na krome inakurudishia machoni. Usiku nayo inaakisi balbu. Krome peleka kwenye matundu ya hewa.