Ndoo ya pumba ifuate tarehe ya kuzaa

Huku Uchagani wengi tunafuga ng'ombe wawili watatu bandani, na jioni kila mmoja hupata ndoo yake ya pumba, sawa kwa sawa kama mgao wa sukari. Aliyezaa juzi na aliyekaushwa, yaani aliyeachwa kukamuliwa akisubiri kuzaa, wote ndoo moja! Kwangu ndoo hufuata kalenda iliyobandikwa ukutani, yenye tarehe ya kupandishwa na ya kuzaa ya kila ng'ombe.

Miezi miwili ya kwanza baada ya kuzaa ndiyo inayoamua maziwa ya mwaka mzima. Maziwa hufika kileleni kati ya wiki ya 4 na ya 8, lakini hamu ya kula huchelewa, hivyo ng'ombe hukamuliwa mafuta ya mwili wake mwenyewe. Utaona nyonga zinachomoza. Hapo usimbanie. Matete mazuri peke yake humfikisha kama lita 7 za maziwa kwa siku; zinazozidi hapo, nampa kilo 1 ya pumba iliyochanganywa na mashudu ya alizeti kwa kila lita 2 hadi 3. Pumba tupu ni shibe tu. Naongeza nusu kilo kila baada ya siku chache, na maziwa yakiacha kupanda, nami naacha kuongeza. Ukimmiminia nyingi kwa mkupuo, kesho yake kinyesi kitakusema: chepesi, cha kijivu, kina povu, na mnyama hacheui.

Maji yawepo muda wote. Lita moja ya maziwa inataka lita 4 au 5 za maji.

Maziwa yakishaanza kushuka na mimba ipo, punguza pumba. Anayenenepa kipindi hiki huzaa kwa shida, kisha hugoma kula.

Namkausha siku 60 kabla ya kuzaa, anakula mabua na majani ya kawaida. Wiki 3 za mwisho namrudishia pumba kidogo kidogo, tumbo lizoee. Ila majani ya mti wa lukina na madini yenye chokaa (kalsiamu) nyingi nayaweka kando mpaka siku ya kuzaa. Majirani hunishangaa, lakini mwili uliozoea chokaa ya bure huchelewa kuitoa kwenye mifupa maziwa yanapoanza kutoka kwa wingi. Ndipo unamkuta asubuhi amelala, shingo kaikunja ubavuni, masikio ya baridi. Huyo usimlazimishe kula wala kumnywesha kitu. Mpigie daktari wa mifugo saa hiyo hiyo.