Mwanao Kiziwi Anakimbia? Anza na Masikio, Viatu Vingoje

Juzi mama mmoja wa Mambrui ameniandikia. Mwanawe ni kiziwi, akikimbia ufukweni anawaacha wenzake wote, na sasa kijana amesikia habari za Deaflympics, michezo ya dunia ya viziwi, ya Tokyo ya Novemba 2025, hakai wala halali. Mama ameshamnunulia viatu. Anauliza, afuate nini?

Mama, viatu vingoje. Mpeleke akapimwe masikio. Michezo ile ina sharti: sikio lenye nafuu liwe na upungufu wa kusikia wa desibeli 55 (kipimo cha sauti) au zaidi, na iwepo karatasi ya kipimo, odiogramu. Bila karatasi hiyo, hata awe upepo, hana mlango.

Mimi nimekulia Malindi, mtaa wa Shela, na mbio nilizianza shuleni. Wenzangu walisikia bunduki. Mimi nilitazama mguu wa jirani yangu. Ukinyanyuka, nami huyo. Kila mara niliachwa mwanzoni, kisha nawafukuzia. Siku moja msimamizi akanitoa mstarini mbele ya watu wote, eti nitawaharibia mbio. Watoto wakanipokea kwa "sikio la kufa halisikii dawa." Nimekuwa mtu mzima, nina watoto, na bado nikimwona yule bwana sokoni napitia njia nyingine.

Halafu nikafika kwenye mashindano ya viziwi na kukuta taa chini, mbele ya kila mkimbiaji. Nyekundu, shika nafasi. Manjano, jiandae. Kijani, nenda. Niliondoka pamoja na wengine. Pamoja! Mita 400 nikawa wa kwanza, na medali ile mama yangu huwaonyesha wageni kabla hata ya chai.

Kuna watakaokuambia umpeleke Paralimpiki, michezo ya watu wenye ulemavu. Waambie viziwi wana michezo yao tangu Paris 1924, wakati Paralimpiki ya kwanza ilikuwa Roma 1960. Shirika la michezo ya viziwi lilijitoa kwenye kamati ya Paralimpiki mwaka 1995. Kwa hiyo msihangaike na mlango usio wenu. Na kama kijana huvaa vifaa vya kusikia, azoee kukimbia bila hivyo, maana kwenye mashindano haviruhusiwi.

Sasa nyinyi wazazi. Mnataka medali, lakini mtoto mnaongea naye kwa kumvuta shati! Jifunzeni lugha ya ishara. Katiba ya 2010 imeiweka Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi ya Bunge. Itashindwaje kuingia jikoni kwenu? Kocha hodari atamfundisha mbio, ila hawezi kumuuliza usiku kama goti linamuuma. Hilo ni lenu.

Narudia, masikio kwanza. Na odiogramu ikitoka, toa nakala, ile halisi usimwachie mtu yeyote. Yangu ilipotelea ofisini kwa wasimamizi wiki ya mchujo, wakaniambia nikapime tena kwa pesa zangu.