Jibu: Seli ya mmea inagawanyikaje bila dainini?

Waalaikumu salamu, ndugu yangu wa Chake. Umeuliza: ikiwa mimea ya maua haina dainini, ile protini inayotembea ndani ya seli ikibeba mizigo, nani anayesogeza mizigo seli inapogawanyika? Kazi imeangukia kinesini, jamii nyingine ya protini zinazobeba mizigo. Binadamu tuna jeni zake kama 45. Arabidopsi, kimea kidogo tu kile, kina 61! Nyingi hutembea kuelekea ncha moja, iitwayo chanya, ya mikrotubuli (vijiti vya protini vilivyo kama njia ndani ya seli), lakini zipo za kundi la kinesini-14 zinazorudi kinyume, na hizo ndizo zinazodhaniwa kuziba pengo la dainini, ambayo nayo huelekea huko.

Utamu hasa uko mwishoni. Seli yetu sisi hujibana kiunoni ikakatika. Ya mmea haiwezi, ukuta wake mgumu. Basi mikrotubuli hujipanga katikati, na vifuko kutoka Golji, sehemu ya seli inayofungasha mizigo, hubebwa juu yake kama magunia ya karafuu mabegani mwa mahamali, vikaungana kuwa kisahani kinachotanuka kutoka kati kwenda pembeni. Kinesini-12 mbili, POK1 na POK2, husaidia kisahani kigote pale palipokusudiwa. Zikikosekana zote mbili, ukuta unakwenda upogo.

Skuli kwenu mna hadubini? Tazameni ncha ya mzizi wa kitunguu maji. Msikate juu sana, huko seli zimeshaacha kugawanyika.