Skana inapogoma na mhudumu asiposikiliza: maswali na majibu

Barua nilizopokea safari hii karibu zote zinahusu mashine za nyumbani zinazochapisha na kuskani kwa pamoja, na malalamiko yake huja mawili mawili: mashine imegoma, na aliyepigiwa simu ili asaidie hakusaidia. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

Swali: Printa yangu haiskani. Nimewapigia simu huduma kwa wateja mara tatu bila mafanikio. Nifanye nini?

Jibu: Swali hili huletwa kwangu kila mara, na kila mara huja tupu hivi hivi. Neno "haiskani" halimwambii fundi kitu chochote. Mhudumu aliye upande wa pili wa simu amewekewa orodha ya maswali mbele yake, na asipopata cha kushika katika maelezo yako ataanzia juu kabisa: zima, washa, ondoa programu, isakinishe upya. Saa nzima itapita, simu itakatika, na mhudumu wa pili ataanza tena pale pale alipoanzia wa kwanza.

Kabla ya kumpigia mtu yeyote, fanya jaribio moja. Chapisha kwanza ukurasa wowote kutoka kwenye kompyuta ili ujue kwamba upande wa kuchapisha ni mzima. Kisha weka karatasi yenye maandishi juu ya kioo, funga kifuniko, na ubonyeze kitufe cha kutoa kopi kilicho kwenye mashine yenyewe, bila kuigusa kompyuta. Kopi ikitoka safi, skana yako haina ubaya, na kilichoharibika ni kebo, mtandao wa nyumbani au programu iliyo kwenye kompyuta. Kopi ikitoka nyeusi, tupu au yenye mistari ilhali ukurasa wa kwanza ulichapishwa vizuri, basi ubovu umo ndani ya skana, na hakuna programu utakayosakinisha upya ikauondoa.

Baada ya hapo, andika. Andika jina kamili la modeli, namba ya mashine iliyobandikwa nyuma au chini yake, ujumbe wa kosa neno kwa neno pamoja na tarakimu zake, siku tatizo lilipoanza, na jambo lililobadilika karibu na siku hiyo, kama vile ruta mpya au sasisho la kompyuta. Yatume yote hayo kwa barua pepe, kwa sababu maandishi hubaki na maneno ya simu hupotea. Ukilazimika kupiga simu, omba namba ya rejea ya shauri lako kabla hujaanza kueleza, uandike saa na jina la uliyezungumza naye, na mkimaliza umtumie muhtasari wa mlichokubaliana. Nawasihi wasomaji wasiyapuuze haya. Wengi walioniandikia wakilalamika kwamba wamenyimwa haki yao hawakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba waliwahi kuidai.

Swali: Kila ukurasa ninaoskani una mstari mwembamba wa kijani kutoka juu hadi chini. Mhudumu amenishauri ninunue katriji mpya ya rangi. Je, ninunue?

Jibu: Usinunue. Wino hauhusiki kabisa na picha unayoiona kwenye skrini, kwa kuwa skana humulika karatasi kwa taa yake na kuusoma mwanga unaorudi, na hakuna tone la wino linalotumika katika kazi hiyo. Mhudumu anayejibu hivyo ameyachanganya matatizo ya kuchapisha na ya kuskani, na hilo hutokea mno kwa sababu mashine hizi hupewa orodha moja ya majibu kwa kazi mbili tofauti.

Hukusema kama karatasi unaiweka juu ya kioo au unaiacha ivutwe na trei ya juu, na kumbe hapo ndipo penye jibu. Karatasi ikivutwa na trei, kihisi, yaani sehemu inayousoma ule mwanga, husimama mahali pamoja na karatasi ndiyo inayopita mbele yake. Kwa hiyo chembe moja ya uchafu iliyoganda mbele ya kihisi hurekodiwa upya katika kila hatua ya karatasi, na chembe hiyo inageuka kuwa mstari wa urefu wa ukurasa mzima. Kando ya kioo kikubwa utaona ukanda mwembamba wa kioo, wenye upana wa kidole kimoja hivi. Hapo ndipo chembe hukaa, na watu wengi husafisha kioo kikubwa kila wiki bila kuugusa ukanda huo.

Mashine yangu ilinifanyia jambo hilo hilo. Niliwaandikia huduma kwa wateja, nikajibiwa nirudishe mipangilio ya kiwandani, nikairudisha, nikapoteza anwani zote nilizokuwa nimehifadhi, na mstari ukabaki ulipokuwa. Ndipo nikachukua karatasi moja nikaiskani, kisha nikaigeuza kichwa chini nikaiskani tena. Mstari haukugeuka pamoja na karatasi. Ulisimama pale pale, kiasi cha upana wa vidole viwili kutoka ukingoni, nami nikajua kwamba hautoki kwenye karatasi. Nilipouinamia ule ukanda na tochi, nikaona punje ya wino mweupe wa kusahihishia, ndogo kuliko chembe ya chumvi, imekauka juu ya kioo. Nilizima mashine, nikaichomoa kwenye umeme, nikalowesha kidogo kitambaa laini kisichotoa nyuzi, nikaisugua polepole kwa ukucha uliofunikwa na kitambaa hicho, ikatoka. Kamwe usinyunyize maji au dawa moja kwa moja juu ya kioo, kwa maana hupenya pembeni na kuingia ndani.

Kama mstari unaonekana hata karatasi ikiwa juu ya kioo kikubwa, hali ni nyingine. Hapo kihisi ndicho kinachotembea, kwa hiyo uchafu ulio juu ya kioo ungeonekana kama doa dogo tu. Mstari mrefu katika hali hiyo hutokana na kihisi chenyewe, au na uchafu ulioingia chini ya kioo, kwenye ukanda mweupe ambao skana huutumia kupima weupe kabla ya kuanza kazi. Usiifungue mashine iliyo ndani ya muda wa dhamana. Tuma picha zile mbili, ya karatasi iliyonyooka na ya iliyogeuzwa, ueleze jaribio lako kwa sentensi mbili, na mhudumu hatakuwa na nafasi ya kukurudisha kwenye katriji.

Swali: Wino mweusi umeisha na sasa mashine inakataa hata kuskani. Wanasema ndivyo ilivyotengenezwa. Ni kweli?

Jibu: Ni kweli kwamba baadhi zimetengenezwa hivyo, na ni makosa kuzitengeneza hivyo. Nimeeleza hapo juu kwamba kuskani hakuhitaji wino. Mashine inayofunga skana kwa sababu katriji ni tupu imeamriwa na programu yake kufanya hivyo, na amri hiyo haimnufaishi aliyeinunua. Jambo hili limeshafikishwa mahakamani: mwaka 2021 kesi ilifunguliwa Marekani dhidi ya tawi la Canon la nchini humo, mlalamikaji akidai kwamba mashine inayouzwa kama ya kazi tatu haipaswi kuacha kuskani kwa kukosa wino.

Jaribu kuskani ukiwa umeunganisha kebo ya USB na kutumia programu ya kuskani iliyokuja na mfumo wa kompyuta yako badala ya ile ya mtengenezaji, kwa sababu wakati mwingine kizuizi kimo ndani ya programu hiyo tu. Kizuizi kikiwa ndani ya mashine yenyewe, waandikie uwaulize swali moja: ni ukurasa gani wa maelezo ya bidhaa, kabla ya kuuzwa, unaosema kwamba skana inategemea wino? Jibu lao lihifadhi.

Kwa kuwa tumefika hapa, nionye jambo ambalo hukuliuliza. Masasisho ya programu ya ndani ya printa si ya kuyakubali ukiwa umefumba macho. Mwezi Septemba mwaka 2016 wamiliki wengi wa printa za HP waliamka na kukuta katriji za makampuni mengine, zilizokuwa zikifanya kazi, zimekataliwa, kwa sababu ya udhibiti uliowekwa ndani ya programu ya printa hizo. Baadhi ya masasisho huziba mianya ya usalama na yanafaa, lakini zima usasishaji wa kujiendesha, usome kwanza kinacholetwa, kisha uamue wewe.

Swali: Kwa hati za kawaida niskani kwa nukta ngapi kwa inchi?

Jibu: 300 zinatosha, panda hadi 600 kwa picha ndogo unazotaka kuzikuza.

Swali: Nilitafuta namba ya huduma kwa wateja kwenye intaneti. Aliyepokea aliniomba nisakinishe programu ya kumruhusu aione kompyuta yangu, kisha akadai malipo ya "kuondoa virusi kwenye printa". Sijalipa bado. Nimlipe?

Jibu: Usimlipe, na usimpokelee tena simu. Huyo si mhudumu, ni tapeli. Matapeli hutengeneza kurasa zenye nembo ya mtengenezaji na kulipia matangazo ili namba zao zitokee juu ya namba ya kweli, wakijua kwamba mtu ambaye skana yake imegoma ana haraka na hachunguzi.

Ondoa kompyuta kwenye mtandao sasa hivi. Kwa kutumia kifaa kingine, badilisha nywila ya barua pepe kwanza, kisha za benki, na uwapigie benki yako uwaeleze kilichotokea. Ondoa programu aliyokusakinishia, na kama alikaa ndani kwa muda mrefu, mpelekee fundi unayemwamini aisafishe kompyuta yote. Namba ya huduma kwa wateja ichukuliwe kwenye kijitabu kilichokuja na mashine au kwenye tovuti ya mtengenezaji uliyoiandika mwenyewe herufi kwa herufi. Nalisema kwa wote, na nawaomba mwasomee wazazi wenu aya hii.

Swali: Tumebadilisha ruta, na tangu hapo kompyuta haiioni printa.

Jibu: Printa nyingi za nyumbani hupokea masafa ya 2.4 GHz peke yake, kwa hiyo hakikisha ruta mpya inayarusha, kisha ingiza upya jina la mtandao na nywila kwenye printa. Ikiunganika leo na kupotea kesho, ingia kwenye mipangilio ya ruta uitengee printa anwani isiyobadilika. Swali hili nimelijibu mara nyingi sana.

Swali: Skana yangu ni nzima, lakini baada ya kununua kompyuta mpya nimeambiwa "modeli hii haitumiki tena" na nikashauriwa kununua nyingine.

Jibu: Kioo, taa na mota ya skana yako havijui kwamba umenunua kompyuta mpya. Kilichokosekana ni programu endeshi, yaani ile inayoifundisha kompyuta kuzungumza na skana, na mtengenezaji ameamua kutoiandika tena. Wapo wengine walioiandika. Kwenye kompyuta zenye mfumo wa Linux kuna programu ya SANE, ambayo ni ya bure na inazitambua skana nyingi za zamani. Kwenye Windows na macOS kuna VueScan, ambayo ni ya kulipia lakini hukuruhusu kuijaribu kwanza. Angalia orodha zao kama modeli yako imo kabla hujaitupa.

Mgogoro huu ni mkongwe. Karibu na mwaka 1980, Richard Stallman alikuwa mwandishi wa programu katika maabara ya chuo cha MIT, ambako printa mpya ya Xerox ilikuwa ikikwama karatasi. Kwenye printa ya awali yeye mwenyewe alikuwa ameongeza programu ya kuwajulisha watu kazi zao zilipokwama. Alitaka kufanya hivyo tena, lakini akanyimwa msimbo, yaani maandishi ambayo programu ya printa hiyo imeandikwa kwayo. Kunyimwa huko ni miongoni mwa mambo yaliyomsukuma kuutangaza mwaka 1983 mradi wa GNU, wa kuandika programu huru, yaani zile ambazo kila mtu anaruhusiwa kuzisoma na kuzirekebisha, na programu huru kama hiyo SANE zimetoka katika harakati hizo. Mwenye mashine anapokatazwa kuirekebisha, anabaki kumtegemea mtu ambaye faida yake iko katika kukuuzia nyingine.

Swali: Niliskani jedwali la hesabu, na katika faili baadhi ya tarakimu ni tofauti na zilizo kwenye karatasi. Mhudumu ananiambia jambo hilo haliwezekani.

Jibu: Linawezekana, na limewahi kuthibitishwa hadharani. Mwaka 2013 Mjerumani David Kriesel alionyesha kwamba baadhi ya mashine za ofisini za Xerox zilibadilisha tarakimu katika hati zilizoskaniwa. Katika ramani ya nyumba aliyoiskani, vyumba vitatu vya ukubwa tofauti vilitoka vyote vikiwa na namba moja ya eneo. Chanzo kilikuwa mbinu ya kubana faili, ambayo iliona maumbo mawili yanayofanana, kama 6 na 8, ikalitumia moja mahali pa jingine. Xerox ililazimika kutoa marekebisho ya programu.

Kwako wewe, chanzo kinachoelekea zaidi ni kipengele cha kugeuza picha kuwa maandishi, ambacho hukisia herufi na mara nyingine hukosea. Kizime, skani jedwali upya kama picha ya kawaida kwa nukta 300, na ulinganishe. Tarakimu zikiendelea kubadilika ndani ya picha yenyewe, punguza ubanaji wa faili, uhifadhi mifano na kuituma kwa mtengenezaji. Vyovyote iwavyo, usitupe karatasi halisi ya hesabu kabla hujaisoma nakala yake.

Swali: Wamekubali kuipokea mashine kwa matengenezo, lakini muuzaji ananituma kwa mtengenezaji na mtengenezaji ananirudisha kwa muuzaji. Nimwendee nani?

Jibu: Anza na muuzaji, kwa sababu yeye ndiye aliyepokea fedha zako na risiti ina jina lake. Mwandikie, ambatisha risiti na barua ya mtengenezaji, mpe tarehe ya mwisho ya kujibu. Akikaa kimya, barua hiyo ndiyo utakayoipeleka kwa chombo kinachowalinda walaji.

Kabla ya kuifunga mashine kwenye boksi, futa nywila ya Wi-Fi na anwani zilizohifadhiwa ndani yake, toa katriji ili wino usimwagike njiani, na uinue kifuniko uangalie juu ya kioo. Mara nyingi karatasi ya mwisho iliyoskaniwa huwa bado ipo hapo, na mara nyingi huwa ni kitambulisho.