Ngozi kuwasha baada ya kuoga

Dada, pole. Umesema mikono na miguu inakuwasha tangu Julai ianze, hasa ukishaoga, na losheni yenye marashi inakuchoma. Baridi ya Nairobi hukausha ngozi, na maji moto huiondolea mafuta yake ya asili. Oga kwa maji vuguvugu, dakika 5 hadi 10 tu. Jikaushe kwa taulo bila kusugua, kisha jipake vaselini isiyo na manukato ngozi ikiwa bado na unyevu. Wengi hungoja ikauke kabisa, na hapo ndipo faida inapopotea. Panapowasha sana, weka kitambaa kilicholowa maji baridi. Ndimu usijipake, tafadhali, itakuchoma zaidi! Muwasho ukizidi usiku na wa nyumbani wanajikuna pia, huenda ni upele, yaani ugonjwa wa kuambukiza unaoletwa na vijidudu vinavyoingia ngozini. Nendeni kliniki, mtibiwe wote pamoja.