Jibu: Mama wa Leicester ameanza kusahau, nani atamsainia?

Dada, umesema daktari ametaja dimensia ya mwanzo, na kaka yako wa Mombasa anashikilia kwamba wewe kifungua mimba utasaini tu mambo yakiharibika. Sivyo. Kwa sheria ya England na Wales mtoto hana saini juu ya mzazi, wala mke juu ya mume. Mgonjwa akishindwa kuamua, madaktari na watu wa ustawi wa jamii ndio wanaoamua kwa kuangalia masilahi yake. Wewe utaulizwa maoni, basi.

Nimeyaona kwa mjomba alipopata kiharusi. Tulisikilizwa kwa adabu zote, kisha akapelekwa nyumba ya wazee ambayo sisi hatukuitaka. Benki nayo ikazuia akaunti ya pamoja ya mjomba na mkewe, yaani shangazi, naye ana bili za kulipa.

Ndiyo maana shangazi mwenyewe hakungoja. Alijaza hati za uwakilishi zinazoitwa LPA (Lasting Power of Attorney), ambazo mtu huteua wawakilishi wa kuamua kwa niaba yake, zilizotokana na sheria ya mwaka 2005 kuhusu uwezo wa mtu kuamua. Ziko mbili: ya fedha na mali, na ya afya na matunzo. Ya afya haifanyi kazi mpaka mwenyewe ashindwe kuamua. Akiwa na akili zake, neno ni lake.

Usiogope jina la ugonjwa. Kinachoangaliwa ni kama mama anaielewa hati wakati wa kuisaini. Kama asubuhi ndiyo huwa mchangamfu, asaini asubuhi. Lazima awepo mthibitishaji, yaani mtu wa kuthibitisha kwamba mama anaielewa hati na halazimishwi, asiye ndugu: ama mtaalamu kama daktari au mwanasheria, ama mtu anayemfahamu vizuri kwa miaka 2 au zaidi. Sisi tulimchukua jirani wa msikitini anayezungumza Kiswahili, kwa sababu Kiingereza cha shangazi ni cha dukani. Walikaa wawili chumbani, sisi tukatolewa nje. Na iwe hivyo, msimjibie mama.

Patakapowachukua muda ni swali la matibabu ya kumshikilia mtu uhai: je, wawakilishi wapewe mamlaka ya kuyakubali au kuyakataa, au yabaki kwa madaktari? Shangazi alilala nalo, akamuuliza imamu, kisha akatwambia: "Mashine mtaamua nyinyi, ila msinitoe haraka kwa sababu ya tikiti zenu za ndege." Tulicheka, lakini ndiyo mara ya kwanza tulijua anataka nini. Swali hilo lina saini yake peke yake, mbele ya shahidi. Kuna pia nafasi ya kuandika anayoyapenda: chakula halali, kuogeshwa na wanawake tu.

Kaka yako anaweza kuwa mwakilishi akiwa huko huko Mombasa, mradi mama awape uwezo wa kuamua pamoja au kila mmoja peke yake. Mkiandika "pamoja" tu, usiku wa manane hospitali itamsubiri mtu asiyeshika simu, na mmoja akifariki hati huanguka kama hamkuweka wawakilishi wa akiba. Atasaini karatasi yenyewe, kwa hiyo itumeni kwa kampuni ya vifurushi. Mama asaini kwanza, halafu mthibitishaji, halafu wawakilishi. Tarehe zikipinduka fomu inarudi.

Ada ya usajili ni pauni 92 kwa kila hati (ilikuwa 82 hadi 2025), nusu yake kwa mwenye kipato cha chini ya pauni 12,000 kwa mwaka. Usajili huchukua wiki kadhaa, na kabla ya hapo hati haitumiki. Mkichelewa hadi mama asielewe tena, njia inayobaki ni mahakama, ghali na ya polepole, na kwa mambo ya afya ni nadra kumpa mtu mamlaka ya jumla.

Mazishi hayamo. LPA hufa na mwenyewe, kwa hiyo kama mama anataka kuzikwa kwao, aandike wasia na ataje msimamizi. Na kama ana shamba Kenya, hati hii haitalihamisha. Kaka amuone wakili huko.

Ukiwa Scotland, sheria ni nyingine kabisa.