Kabla ya kuhama WhatsApp, angalia nani mwingine yumo ndani

Dada wa Arua, umeuliza hivi: mumeo anaendesha lori la Juba, mnachati kila siku, na wewe ndiye mweka hazina wa kikundi cha akiba cha wanawake 11. Jirani amekuambia WhatsApp inasomwa na watu, bora uhamie Telegram. Nimepitia majibu ya wenzangu na karibu wote wametaja jina la programu wakaishia hapo. Mimi naanza na yaliyonikuta, kwa sababu programu haikuwa na kosa.

Nauza vitenge kwa jumla hapa Kikuubo, Kampala. Wateja wangu wako Arua, Bunia na Busia upande wa Kenya, na biashara yote inapita WhatsApp: picha za vitambaa, bei, namba ya kutumia pesa. Siku moja nilikwenda kuchapisha ankara kwenye duka la kompyuta. Kijana wa pale akaniambia nifungue WhatsApp kwenye mashine yake. Nikaskani ule mraba wenye vidoti, karatasi ikatoka, nikalipa, nikaenda zangu. Akaunti nikaiacha wazi.

Wiki tatu baadaye mteja wa Bunia akanipigia. "Mama, pesa nimeshatuma kwa ile namba mpya." Namba mpya ipi? Kumbe kuna mtu alikuwa anasoma kila kitu: bei, siku mzigo unaondoka, hata jinsi ninavyomsalimia mteja huyo. Akamwandikia kwa laini nyingine akijifanya mimi, eti simu yangu imeharibika. Nilipofungua sehemu ya vifaa vilivyounganishwa ndani ya WhatsApp nikakuta kompyuta nisiyoijua, imetumika asubuhi ileile. Nilikaa juu ya robota la vitenge mikono ikitetemeka. Nusu ya hasara ya mteja niliilipa mimi, kwa vile mlango niliufungua mwenyewe.

Na ujumbe wangu ulikuwa umefungwa vizuri tu! Tangu Aprili 2016 WhatsApp inaufunga ujumbe kwa fumbo kuanzia simu yako mpaka simu ya mwenzako, hata kampuni yenyewe haiwezi kusoma ulichoandika. Lakini fumbo linalinda njia. Ujumbe ukishafika, aliyeko mbele ya kioo anausoma. Kwa hiyo leo, kabla hujahama popote, fungua vifaa vilivyounganishwa, na chochote usichokijua kitoe.

Kisha ufuate bekapu. WhatsApp ikihifadhi mazungumzo yako Google Drive, ile nakala haifungwi kwa fumbo mpaka wewe mwenyewe uwashe. Njia hiyo ipo tangu 2021, ila wengi hawajaigusa. Ukiiwasha, nenosiri lake liandike kwenye daftari la nyumbani, kwa sababu likipotea unaweza kushindwa kuifungua nakala hiyo.

Kuhusu Telegram, jirani yako amekuelekeza vibaya, ingawa najua nia yake ni njema. Mazungumzo ya kawaida ya Telegram yanakaa kwenye mitambo ya kampuni, na kampuni ina funguo zake. Fumbo la kutoka simu hadi simu linapatikana tu ukianzisha mazungumzo ya siri kwa makusudi, tena na mtu mmoja. Makundi hayana kabisa. Yaani kikundi chenu cha akiba kingekuwa wazi zaidi huko kuliko kilipo sasa. Telegram naitumia kufuata habari na kupokea mafaili makubwa. Mambo ya nyumba yangu siyapeleki huko.

Programu ninayoiamini ni nyingine ya kuchati, inaitwa Signal. WhatsApp yenyewe inatumia fumbo lililotengenezwa na watu wa Signal, lakini WhatsApp ni mali ya Meta, kampuni yenye Facebook, na Meta inaweza kujua unawasiliana na nani, saa ngapi, mara ngapi. Signal inaendeshwa na taasisi isiyo ya faida. Mwaka 2016 walipodaiwa kisheria huko Marekani watoe taarifa za mtumiaji, walichokuwa nacho ni tarehe akaunti ilipofunguliwa na tarehe ilipounganika mara ya mwisho. Hicho tu. Tangu 2024 unaweza pia kutumia jina badala ya kumpa mtu namba yako, na kwetu sisi wanawake tunaouza kwa watu tusiowajua hilo ni jambo kubwa mno.

Basi mimi ningefanya hivi. Mume mhamishie Signal, mpo wawili, ni kazi ya jioni moja akiwa nyumbani. Kikundi kiache WhatsApp. Nilijaribu kuhamisha kikundi changu chote. Watatu simu zao zilikuwa zimejaa, mmoja akasema bando lake ni la WhatsApp tu, na baada ya mwezi mmoja tulikuwa na makundi mawili, nusu huku nusu kule, habari za michango zinapotea katikati. Salama isiyotumiwa na watu haimlindi mtu. Tukarudi, tukaweka kanuni moja: namba ya kupokelea pesa haibadilishwi kwa ujumbe, mpaka mweka hazina apigiwe na sauti yake isikike.

Kwenye WhatsApp weka pia ile namba ya siri ya tarakimu sita, ya uthibitisho wa hatua mbili. Mtu akikupigia akidai ametuma msimbo, zile tarakimu za uthibitisho zinazokuja kwa SMS, kwenye simu yako kwa bahati mbaya, kata simu. Huo msimbo ndio ufunguo wa akaunti yako, na akaunti ya mweka hazina ndiyo wanayoiwinda.

Kitu kingine tusijidanganye nacho: intaneti ikizimwa, hakuna programu kati ya hizi itakayokusaidia. Mnakumbuka uchaguzi wetu wa Uganda, Januari 2021, siku karibu tano nchi nzima bila mtandao, na Facebook ikabaki imefungwa hata baada ya hapo. Zilibaki simu za kawaida na SMS, na SMS haina fumbo la kutoka simu hadi simu. Kubalianeni na mumeo mapema maneno machache ya kutumiana siku kama hizo: nimevuka mpaka wa Elegu, niko salama, usitume pesa.

Akirudi safari hii, fungueni Signal pamoja mezani, kila mmoja aende kwenye namba ya usalama ya mwenzake, ile inayothibitisha kwamba unaongea na simu yake kweli, mskani simu kwa simu. Ni dakika mbili. Baadaye Signal ikikuarifu kwamba namba hiyo imebadilika, huenda amenunua simu mpya tu, lakini mpigie umsikie kabla hujamwandikia neno lolote la pesa.